Kahawa nzuri huanzia kwenye birika safi: mwongozo kamili wa kupika kahawa nyumbani na kusafisha kwa siki

Kwa miezi kadhaa nilinunua kahawa nzuri nikanywa kahawa mbaya. Nilibadilisha mbegu mara tatu. Nilipunguza kipimo, nikaongeza, nikalaumu maji. Siku moja, nikitafuta kitu kingine kabisa, nikamulika ndani ya birika la umeme kwa tochi ya simu. Kwenye kitako kulikuwa na ukoko mweupe wenye magamba, unaobanduka ukiukwaruza kwa ukucha. Nikaingiwa na wasiwasi, nikaenda kulifungua birika la kusukumia, lile la kioo lenye chujio la waya linaloshuka kwa mkono. Nikavitenganisha visahani vya chujio kwa mara ya kwanza tangu nilinunue. Katikati yake kulikuwa na tope jeusi linalong'aa mafuta, lenye harufu ya karanga zilizochacha. Kumbe ndiyo ladha niliyokuwa nikimlaumu nayo mkaangaji wa kahawa.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na vyombo, kisha unakuja kwenye kahawa yenyewe. Ukiwa na haraka ruka uende kwenye vipimo, hakuna atakayekushtaki. Ila kikombe kikikushinda, rudi hapa juu.

Chokaa na mafuta si uchafu mmoja

Vyombo vya kahawa hupata uchafu wa aina mbili, na kila mmoja una dawa yake. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuipa siki kazi zote mbili.

Uchafu wa kwanza ni chokaa. Maji, yawe ya bomba au ya kisima, hubeba kalisi na magnesi vilivyoyeyuka kutoka kwenye miamba. Yakibeba kwa wingi huitwa maji magumu, na utayajua kwa sabuni inayokataa kutoa povu. Ukiyachemsha, sehemu ya madini hayo hugeuka kabonati ya kalisi, ndugu wa damu wa chaki, na kuganda pale penye joto kali zaidi. Kwenye birika la umeme ni kitakoni. Ukoko huo si sumu, lakini huchelewesha maji kuchemka, hula umeme, na vigamba vyake huishia kikombeni.

Wa pili ni mafuta. Mbegu ya kahawa ina mafuta kuliko wengi wanavyodhani: kama asilimia 15 ya uzito wake kwa arabika, na kama 10 kwa robusta. Kila unapopika, kidogo hubaki kwenye waya, kwenye mfuniko, kwenye mdomo wa birika. Yakikaa na hewa siku chache huchacha, na kahawa ya kesho inapita juu yake.

Sasa, siki ni asidi, na asidi huyeyusha chokaa. Mafuta hayaijali asidi hata kidogo. Yanataka sabuni, au kitu chenye alkali kama bikaboneti ya soda, ule unga mweupe wa kuumulia keki (si hamira). Ukilipaka siki chujio lenye mafuta, utabaki na chujio lenye mafuta linalonuka siki.

Na hapa naomba niwaudhi kidogo wapenzi wa povu. Kuna mtindo wa kumwagia siki juu ya bikaboneti, likafoka povu kubwa, mtu akaridhika kwamba kazi inafanyika. Povu lile ni hewa ukaa inayotoka tu. Asidi na alkali zinamalizana zenyewe kwa zenyewe, na kinachobaki ni maji yenye asetati ya sodiamu, chumvi isiyoweza kuyeyusha chokaa wala kukata mafuta. Vitumie vyote viwili, lakini kwa zamu, ukisuuza katikati.

Siki ya kununua, na mahali isipofaa kugusa

Chukua siki nyeupe, isiyo na rangi, yenye asidi ya asetiki asilimia 5 hivi. Kiwango huandikwa kwenye lebo. Siki za rangi, kama ya tufaha au ya zabibu, hufanya kazi ileile lakini hubakiza rangi na sukari kidogo, na huna sababu ya kuzitumia kwenye kitako cha birika. Ukikuta chupa imeandikwa kiini cha siki, asilimia 70 au 80, hiyo si siki ya kusafishia vikombe. Inaunguza ngozi na macho, na mvuke wake unakaba. Iache dukani.

Kanuni isiyo na mjadala: siki haikutani na jiki, wala dawa yoyote yenye klorini. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, ambayo hudhuru mapafu hata kwa kiasi kidogo ndani ya bafu lililofungwa. Hapa sizungumzii ndoo moja tu. Hata kunyunyizia moja juu ya nyingine ambayo haijasuuzwa kunatosha. Hidrojeni peroksaidi nayo usiitie chupa moja na siki, kwa kuwa zikikaa pamoja hutengeneza asidi kali ya perasetiki.

Usiipake kwenye marumaru. Namaanisha lile jiwe lenyewe, si vigae vya kauri ambavyo tumezoea kuviita marumaru. Jiwe la marumaru ni kabonati ya kalisi, kitu kilekile unachokiyeyusha ndani ya birika, kwa hiyo siki itaula mng'ao wake na kuacha doa lisilosuguliwa likatoka. Terazo na saruji ya kati ya vigae ni vivyo hivyo. Sufuria za chuma cha kusubu zilizokolea mafuta, makali ya visu, na vioo vya televisheni na simu, viondoe pia kwenye orodha. Alumini huvumilia dakika chache tu. Ukiilaza kwenye siki usiku kucha itatoka na vidoa na vishimo.

Birika la umeme: nusu saa ya kazi, dakika tano za mikono

Fungua dirisha kwanza. Mvuke wa siki ya moto unawasha macho na koo, na jikoni patanuka hadi jioni usipofanya hivyo.

1. Mimina siki na maji kwa kiasi sawa, hadi vifunike ukoko wote. Kwa birika la lita moja na nusu, nusu lita ya siki na nusu lita ya maji hutosha mara nyingi. Usilijaze, maana mchanganyiko huu hufurika ukichemka.

2. Washa, na uzime kabla haujachemka kwa nguvu. Joto linaharakisha kazi, lakini kuchemsha kwa muda hakuongezi kitu zaidi ya harufu.

3. Chungulia kwa mbali. Ukutani na kitakoni utaona viputo vidogo vikipanda kwa mistari, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, na vipande vya ukoko vikiachia na kuelea. Hiyo ni hewa ukaa inayotoka chokaa inapoyeyuka. Viputo vikikoma na ukoko ungalipo, siki imechoka: mwaga, tia nyingine.

4. Acha dakika 20 hadi 30. Ukoko wa miaka unaweza kutaka saa nzima.

5. Mwaga, pangusa ndani kwa kitambaa laini au sponji. Usikwaruze kwa chuma, kwa sababu mikwaruzo ndiyo chokaa ya mwezi ujao inaposhika kwanza.

6. Jaza maji safi, chemsha, mwaga. Rudia. Mara mbili ni lazima, ya tatu kama pua bado inalalamika.

Mimi mara ya kwanza nilisuuza bila kuchemsha, nikapika kahawa. Ilikuwa na ladha ya kachumbari. Nilikunywa nusu kikombe kwa ukaidi tu.

Usitumbukize birika zima kwenye maji, na usiloweshe sehemu za umeme. Kwenye maji magumu fanya kazi hii kila mwezi, na kwenye maji laini kila miezi mitatu au zaidi. Ukoko ukionekana, ndiyo tarehe yenyewe.

Mashine ya kahawa ya umeme, ile ya kudondosha, hufuata mantiki hiyohiyo. Jaza tangi siki sehemu moja na maji sehemu mbili, iwashe bila kahawa, izime mchanganyiko ukifika nusu, isubiri nusu saa, kisha imalizie. Baada ya hapo pitisha matangi mawili au matatu ya maji matupu. Soma kijitabu chake kabla ya yote: watengenezaji wengine wanakataza siki kwa sababu ya mipira ya ndani, na wanataka asidi ya sitriki au dawa yao. Asidi ya sitriki, unga mweupe mchachu, haina harufu na ni nzuri hata kwa birika: kijiko kimoja hadi viwili vya chakula kwa lita ya maji. Ningekuwa nayo kila wakati nisingetumia siki. Lakini siki ndiyo iliyopo kabatini.

Mafuta: hapa siki inapumzika

Fungua chujio la waya lote, vipande vyote. Watu wengi hulisuuza likiwa limeunganishwa, na hapo ndipo tope langu lilipozaliwa. Loweka vipande kwenye maji ya moto yenye sabuni ya vyombo na kijiko cha chai cha bikaboneti kwa dakika 15, kisha sugua wavu kwa mswaki wa zamani, pande zote mbili. Ukiunyanyua kwenye mwanga, kila tundu lipitishe mwanga. Suuza hadi maji yasiteleze mkononi.

Kazi hiyo ni ya kila wiki. Ya kila siku ni ndogo: mwaga mashapo kwenye pipa la taka (kwenye sinki yataziba bomba), osha kwa sabuni, kausha vipande vikiwa vimeachana. Kuna wanaosema birika la kahawa halioshwi kwa sabuni ili lihifadhi ladha. Linachohifadhi ni mafuta yaliyochacha.

Mashine ya kusagia nayo ina mafuta, ila maji na umeme havipatani. Ichomoe, ifagie kwa brashi kavu, ondoa unga uliojificha pembeni. Siki isiikaribie.

Mbegu, na kwa nini tarehe ni muhimu kuliko jina

Kahawa ya sokoni karibu yote ni ya aina mbili, arabika na robusta. Arabika ina harufu pana na uchachu mwanana. Robusta ni nzito, chungu zaidi, na ina kafeini karibu mara mbili. Si kweli kwamba moja ni ya mabwana na nyingine ya watwana. Anayependa kahawa nzito yenye maziwa anaweza kuifurahia robusta iliyokaangwa vizuri kuliko arabika iliyochoka.

Kinachoamua zaidi ni siku ngapi zimepita tangu zikaangwe. Mbegu iliyokaangwa huwa imejaa hewa ukaa, na inaendelea kuitoa kwa siku kadhaa. Ikitoka yote, oksijeni inachukua nafasi na harufu inakwenda. Tafuta pakiti yenye tarehe ya kukaangwa, si ya kuisha muda tu. Kati ya juma moja na matano hivi baada ya kukaangwa ndipo zinapokuwa katika ubora wao. Zikishasagwa, hesabu inabadilika kabisa: sehemu kubwa ya harufu huondoka ndani ya dakika na saa, si wiki. Ukisaga kiasi cha kikombe kimoja pale pale unapopika, umefanya badiliko kubwa kuliko yote utakayofanya jikoni.

Hifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa, mahali penye giza na pasipo joto. Jokofuni si pazuri, kwa sababu kila ukifungua, unyevu na harufu za vyakula vingine vinaingia. Kugandisha kunawezekana, lakini kwa vifurushi vidogo vilivyofungwa vizuri, kila kimoja cha siku chache.

Ukubwa wa chenga ufuate njia ya kupika. Kahawa inayolowekwa kwa dakika kadhaa isagwe nene, kama chumvi ya mawe. Ya kuchuja kwa karatasi iwe ya kati, kama mchanga. Ya moka, lile birika dogo la jikoni linalosukuma maji kwa mvuke yapite kwenye kahawa, iwe laini, ila isifike kuwa unga wa ngano. Huna mashine? Kinu na mchi vinasaga, taratibu, kwa viganja vichache. Chenga zitatofautiana, lakini kahawa ya sasa hivi iliyosagwa ovyo hunifurahisha kuliko ya mwezi uliopita iliyosagwa kwa ustadi.

Kipimo na joto

Gramu 60 kwa lita moja ya maji. Ukikariri namba moja tu, kariri hiyo. Kikombe cha mililita 250 ni gramu 15, na mizani ndogo ya jikoni itakuondolea ubishi. Bila mizani, kijiko cha chakula kilichofutwa juu kinabeba kama gramu 5, hivyo vitatu kwa kikombe. Vijiko hudanganya, maana kahawa iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi ni nyepesi kuliko ya kahawia kwa ujazo uleule, kwa hiyo anza hapo kisha rekebisha kwa ulimi.

Zaidi ya asilimia 98 ya kikombe ni maji, hivyo maji yenye harufu ya klorini au chumvi yatakupa kahawa yenye harufu hiyo. Yachuje kama unaweza. Usitumie maji yaliyotolewa madini yote, kwani kahawa hutoka bapa, haina uhai, kwa sababu madini kidogo ndiyo yanayosaidia kuitoa ladha kwenye chenga.

Joto liwe nyuzi 92 hadi 96 za Selsiasi. Kipimajoto si lazima: chemsha, zima, fungua mfuniko, hesabu nusu dakika. Anayeishi nyanda za juu asisubiri hata hiyo. Maji hupoteza kama nyuzi moja ya joto la kuchemkia kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo kwenye mita 1,500 yanachemka kwenye nyuzi 95, na ukiyapoza unajinyima. Kwa kahawa iliyokaangwa sana, shusha hadi 88 au 90. Uchungu wake utatulia.

Kulowesha: njia isiyodai kifaa

Birika la kusukumia ni zuri, lakini jagi lolote linalostahimili joto na chujio la chai vitafanya kazi ileile.

Pasha jagi kwa maji ya moto, uyamwage. Tia gramu 30 za chenga nene, mimina nusu lita ya maji kwa mkupuo mmoja, ukihakikisha hakuna unga uliobaki mkavu pembeni. Usikoroge. Funika, subiri dakika nne. Ukifunua utakuta tabaka limeelea juu, kahawia, lenye povu. Ligawe kwa mgongo wa kijiko, mara tatu hivi, ukiwa umeinamisha uso: harufu inayopanda wakati huo ni sababu tosha ya kuamka. Chenga nyingi zitazama. Ondoa povu lililobaki kwa vijiko viwili.

Sasa kuwa na subira, jambo ambalo pakiti nyingi halilisemi. Subiri tena dakika tatu hadi tano. Kahawa haitazidi kuwa chungu kama unavyohofia, kwa sababu chenga nene zimeshatoa sehemu kubwa ya ladha yao na maji yamepoa. Kinachotokea ni mashapo kutulia chini. Mimina polepole. Kama una chujio la kusukuma, lishushe hadi liguse uso wa kahawa tu. Ukilisukuma hadi kitakoni unayavuruga mashapo uliyoyasubiri yatulie. Kidole cha mwisho cha kahawa kiache humo humo.

Karatasi

Mwaka 1908 huko Dresden, Ujerumani, Melitta Bentz alichoshwa na mashapo ya kahawa, akatoboa chombo cha shaba nyeupe na kutandika ndani yake karatasi ya kukaushia wino aliyoitoa kwenye daftari la mwanawe. Karatasi tunazotumia leo zimetokana na hapo. Mbali na mashapo, karatasi hukamata kafestoli, kitu kilicho kwenye mafuta ya kahawa ambacho hupandisha lehemu (kolesteroli) mwilini. Aliyeambiwa na daktari apunguze lehemu na anakunywa vikombe kadhaa kwa siku, njia hii ndiyo yake.

Weka karatasi kwenye koni ya kuchujia iliyokaa juu ya kikombe, imwagie maji ya moto kuondoa ladha ya karatasi na kupasha kikombe, maji hayo uyamwage. Tia gramu 15 za chenga za kati, zisawazishe. Mimina mililita 30 hadi 40 tu, ziloe zote, kisha usimame sekunde 30 hadi 45. Kahawa mpya itaumuka hapo hapo mbele yako kama donge lililotiwa hamira, itapasuka viputo, kisha itanywea. Ni ile hewa ukaa inayotoka, na ikibaki ndani huzuia maji kupenya. Kahawa isipoumuka kabisa, imezeeka. Hakuna ufundi wa kumimina utakaoiokoa.

Baada ya hapo mimina kwa mduara mwembamba, kutoka katikati kwenda nje, ufike mililita 150 saa ikisoma dakika 1 na sekunde 15, na 250 inapofika dakika 2. Ikimaliza kudondoka kati ya dakika 3 na 3 na nusu, umepatia. Ikichukua dakika 5, umesaga laini mno.

Moka

Kile chombo cha alumini chenye vyumba viwili na kiuno katikati alikitoa Alfonso Bialetti nchini Italia mwaka 1933, na kinachokiharibia sifa ni moto mkali. Tia maji ya moto hadi chini kidogo ya vali, jaza kahawa bila kushindilia, funga kwa kitambaa maana ni moto, weka kwenye moto mdogo mfuniko ukiwa wazi. Kahawa itapanda kama asali. Ikibadilika kuwa ya njano na kuanza kukoroma, ondoa mara moja na poza kitako chini ya bomba. Kukoroma huko ni mvuke unaochoma kilichobaki.

Ukioshe kwa maji ya vuguvugu na sponji laini. Bikaboneti inaipaka alumini weusi. Chokaa ikiota chini, siki iliyochanganywa na maji, dakika 10, basi.

Ulimi ukisema hapana

Onja kabla ya sukari, angalau mdomo mmoja, ili ujue unachokificha. Badilisha jambo moja kwa siku. Ukibadilisha matatu hutajua lipi lilisaidia.

Kahawa chachu, nyembamba, yenye ladha inayokatika upesi, ni ile ambayo maji hayajatoa ladha ya kutosha kwenye chenga. Saga laini zaidi kidogo, au ongeza joto, au muda. Kahawa chungu inayokaa kooni imetolewa ladha kupita kiasi, na dawa yake ni kinyume cha hayo. Ukakasi, ule wa ndizi mbichi unaokausha ulimi, mara nyingi unatoka kwenye vumbi laini lililochanganyika na chenga: punguza kukoroga, mimina kwa upole, piga mashine ya kusagia brashi. Ikiwa majimaji lakini ladha yenyewe ni nzuri, ongeza kahawa tu, usiguse kingine. Na ikionja kama masizi au karanga za zamani hata ukibadilisha pakiti, unajua pa kuangalia. Mulika kwa tochi.

Kahawa iliyopoa usiirudishe jikoni. Iweke kwenye chupa ya chai mara tu unapomaliza kupika, chupa ikiwa imepashwa kwa maji ya moto.

Siki iliyobaki chupani

Kichwa cha bafu kinachorusha maji pembeni kimezibwa na chokaa. Jaza siki kwenye mfuko wa plastiki, kitumbukize humo, funga kwa mpira, acha saa moja, kisha fungua maji yasukume vipande. Bomba lenye ukoko lifungie kitambaa kilicholoa siki kwa dakika 20. Kama limepakwa rangi ya dhahabu, liache.

Madirisha: siki na maji nusu kwa nusu kwenye chupa ya kupulizia, ukipangusa jua likiwa limehama, la sivyo inakauka kabla hujafika na kuacha michirizi. Mikrowevu: bakuli la maji na vijiko viwili vya siki, kijiko cha mbao ndani yake ili maji yasiripuke ghafla, dakika tatu hadi tano, kisha mlango ufungwe dakika tano zaidi. Uchafu uliogandamana utapanguswa kwa kitambaa. Harufu ya samaki kwenye ubao au mikononi huondoka kwa siki kwa sababu vitu vinavyoileta vina asili ya alkali.

Usiifanye dawa ya kuua vijidudu. Inaua baadhi, haitegemeki kwa vingine, na ubao uliokatiwa kuku mbichi unataka maji ya moto na sabuni, kisha dawa inayofaa.

Doa la kahawia ndani ya chupa ya chai si chokaa, kwa hiyo siki italipita bila salamu. Tia kijiko kikubwa cha bikaboneti, jaza maji yaliyotoka kuchemka, uache usiku kucha bila kifuniko. Usiongeze siki, na hasa usiifunge ikiwa na vyote viwili, kwa kuwa hewa ukaa ikikosa pa kutokea inaweza kukurushia kifuniko usoni. Asubuhi mwaga, sugua kwa brashi ndefu, suuza mara mbili, kisha ingiza pua. Ikikujibu kwa harufu ya kahawa ya juzi, rudia.